Mbele ya Pikapu Ikilegea: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Mji wa Gairo uko karibu katikati ya Morogoro na Dodoma, takribani kilomita 130 kila upande, na pikapu za hapa huishi maisha mawili. Asubuhi hupanda milima ya Ukaguru kuelekea Nongwe au Chanjale, zikipita kwenye mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua, kufuata maharage, viazi na mahindi. Jioni hushuka zimeshiba mzigo na kuingia barabara kuu ya lami, labda kuwahi soko la mahindi la Kibaigwa, zikipishana na mabasi ya mikoani na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Njia ya mlimani ndiyo inayolegeza vyuma vya mbele, na lami ndiyo inayotoa hukumu. Kule juu, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, usukani uliolegea ni kero tu, kwa sababu dereva anacheza nao huku na huku na gari linafika. Kwenye lami usukani uleule unaweza kuua. Makala hii ni kwa mwenye pikapu ya zamani ambaye ameanza kusikia mgongano chini ya miguu yake na anajiuliza aanzie wapi. Jibu langu ni kwamba ulegevu wa mbele ya gari hauponi kwa kununua spea kwa kubahatisha. Unapona kwa kufuatwa mpaka unakoanzia, kisha kurekebishwa kwa mpangilio, kutoka kwenye gurudumu kuja kwenye usukani.

Tuanze na sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takribani mita 22 kila sekunde. Vitabu vya matengenezo vya Toyota kwa pikapu za zamani vinaruhusu usukani uchezecheze bure, magurudumu yakiwa hayajaanza kugeuka, kwa milimita 30 tu zikipimwa kwenye ukingo wa usukani. Huo ni upana wa karibu vidole viwili. Pikapu nyingi zinazofanya kazi ya mzigo zimeshapita kipimo hicho mara mbili au tatu, na dereva hana habari, kwa kuwa ulegevu haukuja siku moja. Uliongezeka kidogo kidogo, mikono ikauzoea, mwishowe dereva akaamini kwamba ndivyo gari lake lilivyo. Kuzoea huko ndiko kunakotisha. Lori likikupita upepo wake unalisukuma gari, unageuza usukani kurudi, na kwa muda mfupi hakuna kinachotokea. Unaongeza kugeuza, ghafla gari linaitika kupita kiasi. Muda huo mfupi, kwa mwendo wa mita 22 kila sekunde, unatosha kuvuka mstari wa katikati.

Kwa nini basi nasema usikimbilie duka la spea? Kwa sababu vyuma vya mbele ya gari vimeshikana kama watu waliobeba kitanda cha mgonjwa: mmoja akilegeza mkono, uzito unawaelemea waliobaki. Beringi ya gurudumu ikilegea, gurudumu linatikisika, na kila mtikisiko unapigwa kwenye bolijointi. Bolijointi ikichoka, gurudumu linabadili mlalo kila linapopita shimo, na tairodi inavutwa na kusukumwa kwa pembe ambayo haikutengenezewa. Tairodi ikilegea, kishindo kinapanda hadi stelingi boksi. Sasa mwenye gari anaona usukani unacheza, anakwenda kununua vichwa viwili vya tairodi, anavifunga, na kwa wiki mbili gari linatulia. Mwezi wa tatu mgongano umerudi, naye anasema spea za siku hizi hazina maana. Huenda spea ilikuwa nzima kabisa. Alichofanya ni kufunga kiungo kipya kati ya viungo viwili vibovu, nacho kikapokea mapigo yaliyokuwa yakigawanywa kwa wote. Matairi hutoa ushahidi uleule. Tairi lililolika kama meno ya msumeno, ukipapasa upande mmoja ni laini na upande wa pili linakwaruza, linasema magurudumu hayatazami njia moja. Tairi lililolika upande mmoja tu linasema gurudumu limelala. Tairi lenye mabonde mabonde linasema gurudumu linarukaruka, na hapo shokapu au beringi ina kesi ya kujibu. Anayebadilisha tairi bila kusoma maandishi hayo ananunua tairi jingine la kuharibu.

Kabla ya kupima, jua gari lako limejengwaje, kwa maana si pikapu zote zina mbele ya aina moja. Ya kwanza ni ile yenye ekseli nzima iliyolala kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama Hilux ya LN106 iliyouzwa hadi 1997, au Land Cruiser za pikapu za mfululizo wa 70. Land Cruiser hizo zilikuwa na springi za vipande mbele hadi 1999, kisha zikapewa springi za mviringo, bado juu ya ekseli nzima. Magari haya hayana bolijointi za kubeba gurudumu. Gurudumu hugeuka juu ya beringi mbili ndogo za kingpini, moja juu na moja chini. Aina ya pili ina amu ya juu na amu ya chini kila upande, na badala ya springi ya mviringo kuna chuma kirefu kinachojipinda, ambacho mafundi hukiita tosheni. Hilux nyingi za 4WD za kati ya 1997 na 2005, Isuzu, Nissan na Mitsubishi nyingi za zamani ziko kundi hili. Hapo kuna bolijointi nne, vichwa vinne vya tairodi, fimbo ya kati, amu inayotoka kwenye stelingi boksi, na mwenzake wa upande wa pili anayeitwa aidola. Aina ya tatu ni Hilux za kuanzia 2005, zenye springi za mviringo na reki ya usukani mahali pa boksi. Fundi anayekwambia ubadilishe bolijointi za ekseli ya LN106 hajalitazama gari lako, na jambo hilo peke yake linatosha kukufanya utafute mwingine.

Kipimo cha kwanza hakihitaji jeki wala fedha. Egesha gari mahali tambarare, magurudumu yote chini, injini ikinguruma kama usukani ni wa pawa. Mtu mmoja akae ndani azungushe usukani kidogo tu kushoto na kulia, kiasi cha kuanza kuyasukuma magurudumu bila kuyageuza. Mwingine alale chini, aweke kiganja juu ya kila kiungo kimoja baada ya kingine, akianza pale usukani unapoingia kwenye boksi na kumalizia kwenye gurudumu. Jicho hudanganywa na vumbi na grisi, lakini kiganja hakidanganyiki. Kiungo kizima husogea pamoja na jirani yake kama mwili mmoja. Kiungo kilichokwisha hutoa mdundo mdogo ndani ya kiganja, upande mmoja unatangulia na wa pili unafuata. Angalia vilevile stelingi boksi yenyewe ilivyoshikwa kwenye chesesi. Bolti zikilegea, au chuma cha chesesi kikiwa kimeanza kupasuka pembeni mwake, boksi zima litasogea kabla ya amu yake, na hakuna tairodi mpya itakayotibu hilo. Kazi hii haizidi dakika kumi na tano, na mwenye gari anapaswa kuwa ndiye aliyelala chini, ili aione hali ya gari lake mwenyewe na asisimuliwe na mtu mwingine.

Kipimo cha pili ni cha gurudumu lililonyanyuliwa, na hapa usalama wa mpimaji unatangulia. Jeki hunyanyua, haishikilii. Weka stendi za chuma au magogo mapana yaliyolala vizuri chini ya chesesi au ekseli, uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe, ndipo uingize mkono. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha usukume tena. Mchezo ukitoweka, ugonjwa uko kwenye beringi ya gurudumu, kwa kuwa breki imelifunga gurudumu na sehemu inayolibeba kuwa kitu kimoja. Mchezo ukibaki, ugonjwa uko ndani zaidi, kwenye bolijointi au kingpini. Kisha shika gurudumu ubavu wa mbele na ubavu wa nyuma, usukume kwa mtindo huohuo. Mchezo wa hapa, kama ule wa juu na chini haupo, mara nyingi ni wa tairodi. Kwenye gari la amu mbili kuna mtego unaowakamata hata mafundi wazoefu: bolijointi inayobeba uzito wa springi hujificha ikiwa imebanwa. Ikiwa springi au tosheni imeshikwa na amu ya chini, weka jeki chini ya amu hiyo karibu na gurudumu, ili mzigo uondoke kwenye bolijointi ya chini na ukweli uonekane. Ikiwa tosheni imeshikwa na amu ya juu, nyanyua gari kwa chesesi na uchomeke kipande cha mbao ngumu kati ya amu ya juu na chesesi ili isishuke. Ukipima bila kufanya hivyo, bolijointi iliyokwisha itaonekana nzima kabisa.

Katika viungo vyote hivi, habu ya gurudumu ndiyo inayoonewa zaidi, nayo ndiyo mwanzo wa mlolongo mzima. Kwenye Hilux na Land Cruiser za zamani beringi hukazwa kwa nati mbili kubwa zenye kizuizi kati yake, na soketi yake ni ya milimita 54. Kwa kuwa soketi hiyo haipo kwenye kila gereji, wengi hutumia tindo na nyundo. Fungua kifuniko cha habu uitazame nati. Ikiwa pembe zake zimekatika na kubaki na makovu ya tindo, hiyo nati imekuwa ikikazwa kwa kukisia kwa miaka. Tindo haiwezi kupima. Ama beringi inabanwa mno ikaungua, ama inaachwa na nafasi ikapigapiga. Soketi ni chombo cha kununuliwa mara moja, na wenye pikapu watatu wanaweza kuchangia moja wakaiazimana. Beringi ioshwe, ikaguliwe, ipakwe grisi hadi ndani ya rola zake, ikazwe huku habu ikizungushwa ili ikae mahali pake, ilegezwe, kisha ikazwe tena kidogo kwa kufuata kipimo cha kitabu. Kwa wenye ekseli nzima, tazama pia mpira mkubwa unaofunga kichwa cha ekseli. Ukiona grisi nyepesi kama mchuzi inavuja hapo, sili ya ndani imekufa na oili ya difu imeingia kuiosha grisi ya kingpini. Beringi za kingpini zikikauka huchongeka vijishimo kwenye vikombe vyake, hasa mahali gurudumu linapokuwa limenyooka. Utazijua kwa usukani unaonasa katikati, kana kwamba una kituo chake. Vijishimo hivyo havikazwi vikaisha. Beringi na vikombe vyake hubadilishwa pamoja, na vile visahani vyembamba vinavyoweka kipimo hurudishwa kila kimoja mahali kilipotoka.

Ukishapima na kuandika kila ulichokiona, utakuwa na orodha, na pengine orodha ndefu kuliko mfuko. Hapa ndipo hoja ya mpangilio inapoleta faida. Gawa orodha mafungu mawili kwa swali moja: kitu hiki kikikatika, gari litapiga kelele au litapoteza gurudumu na usukani? Bushi za springi, vilinki vya stabilaiza, raba za shokapu, hivyo huanza kwa kelele na kukupa muda. Bolijointi, vichwa vya tairodi, fimbo ya kati, beringi ya gurudumu na kingpini havina huruma hiyo. Ushahidi wa fungu la pili hatuhitaji kuutafuta gizani. Oktoba 2004 Toyota yenyewe iliita magari zaidi ya 300,000 nchini Japani, Hilux na Hilux Surf za zamani, kwa sababu fimbo ya kati ya usukani ingeweza kuvunjika. Mwaka 2005 ikaita karibu magari milioni moja nchini Marekani kwa tatizo hilohilo. Chanzo kilikuwa uchovu wa chuma, unaoletwa na kugeuza usukani mara kwa mara hadi mwisho huku gari likiwa limesimama au likitambaa. Magari hayo yalitengenezwa kati ya miaka ya mwisho ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, umri uleule wa pikapu nyingi zinazobeba mazao yetu leo. Mwenye gari la umri huo lenye fimbo ya kati aikague kwa macho na kiganja, na aache kuzungusha usukani gari likiwa limesimama na mzigo. Acha magurudumu yaanze kuviringika, japo kwa hatua moja, ndipo ugeuze.

Kufunga spea ni kazi ya pili, na spea nzuri ikifungwa vibaya haitofautiani na mbovu. Mkia wa tairodi na wa bolijointi umechongwa mwembamba kuelekea ncha, na unashika kwa kujibana kwenye tundu lake. Usafishe tundu na mkia, uvikaushe, wala usivipake grisi. Unapokitoa kile cha zamani, usipige uzi wa mkia. Piga ubavu wa jicho linaloushika kwa nyundo ya pili ikiegemezwa upande wa pili, nao utaachia. Ukikaza nati yenye mapengo, na tundu la kotapini likakataa kulingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usirudi nyuma kamwe. Na kotapini iwe mpya. Kipande cha waya au msumari uliokunjwa mahali pa kotapini huonekana jambo dogo mpaka nati inapojifungua yenyewe kwenye mawe ya Nongwe na mkia ukachomoka kwenye mteremko. Bushi za amu na za springi nazo zina siri yake. Mpira wa bushi haujengwi kuzunguka, umejengwa kujipinda. Bolti zake zikikazwa wakati gari liko hewani na amu imening'inia, gari likishuka bushi inabaki imejipinda muda wote, na baada ya muda mfupi inachanika. Funga bolti kwa mkono, shusha gari lisimame kwa uzito wake, litikise, ndipo ukaze mwisho. Jambo hili halina gharama hata shilingi moja, na ndilo linaloamua kama bushi itadumu miaka au miezi.

Stelingi boksi huja mwishoni, ingawa ndiyo inayolaumiwa kwanza. Juu yake kuna skrubu ya kurekebisha, na kishawishi cha kuikaza ni kikubwa kwa sababu matokeo yanaonekana papo hapo. Lakini skrubu hiyo imewekwa kwa ajili ya uchakavu mdogo wa ndani ya boksi tu. Ukiikaza ili kufidia ulegevu wa tairodi, meno ya boksi yatabanana, usukani utakuwa mzito katikati, na baada ya kona hautarudi wenyewe. Kisha utakapobadilisha tairodi utajikuta na boksi lililokwisha kuharibika. Ndivyo ilivyo pia kwa shokapu ya usukani kwenye magari ya ekseli nzima. Yapo magari yanayoanza kutikisika mbele kwa nguvu baada ya kupita shimo kwa mwendo fulani, hadi dereva hulazimika kusimama. Shokapu mpya ya usukani hulifunika tetemeko hilo kwa muda, lakini chanzo kinabaki: kingpini iliyolegea, bushi iliyokufa, au tairi lisilo na balansi. Vyote vikishakaa sawa, ndipo ufanye alaimenti. Kupeleka gari lenye viungo vilivyolegea kwenye mashine ya alaimenti ni kupima nguo juu ya mtu anayekimbia. Kwa kuwa mashine haipo kila mji, pima kwanza mwenyewe ili uweze kufika iliko: weka alama ya chaki katikati ya uso wa matairi mawili ya mbele upande wa nyuma, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele mpaka alama zije upande wa mbele kwa urefu uleule, upime tena. Tofauti inapaswa kuwa ya milimita chache tu kama kitabu cha gari lako kinavyosema. Ukiikuta ni ya sentimita, matairi yanaliwa kila kilomita.

Kuna mapingamizi matatu ninayoyajua, na yote yana haki ya kujibiwa. La kwanza ni fedha. Mtu atasema hana uwezo wa kufanya yote haya kwa mkupuo. Sidai hivyo. Kupima ni bure, na kupima ndiko kunakookoa fedha, kwa sababu kunakuzuia kununua kisichohitajika. Asiyeweza kumaliza orodha aanze na fungu la vitu vinavyoshika gurudumu, afanye pande zote mbili kwa kiungo kimoja, na mpaka amalize asiingie lami na mzigo. Pili, watu husema barabara zetu zitaharibu tena. Ni kweli barabara za mlimani ni ngumu, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ina kazi kubwa kila baada ya masika. Lakini ubovu wa barabara ni sababu ya kukagua mara nyingi zaidi, hauwezi kuwa sababu ya kuacha. Kiungo kimoja kinachosikika mapema hubadilishwa peke yake. Kikiachwa, huvuta wenzake watatu. Pingamizi la tatu ni la ufundi wa kujitengenezea: kuchomelea bolijointi, kuijaza upya, kuchonga bushi za raba ya tairi. Hapa nisingependa kuwavunjia heshima mafundi wetu, maana ufundi huo umebeba uchumi wa vijiji vingi. Bushi ya springi iliyochongwa vizuri kutoka kwenye raba ngumu inaweza kukuvusha msimu, na ikifa itapiga kelele. Bolijointi iliyochomelewa ni habari nyingine kabisa. Moto wa welding hubadilisha ugumu wa chuma na kuunguza kikombe cha ndani, na kiungo hicho hakitapiga kelele siku ya mwisho wake. Kitaachia tu.

Suala la spea bandia nalo linahitaji akili. Spea za mbele hutoka zaidi Dar es Salaam, kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani, zikapitia Morogoro au Dodoma hadi kufika kwetu, na kila mkono uliopita unaweza kubadilisha kasha. Jina la kampuni lililochapwa kwenye kasha halithibitishi kitu. Ishike bolijointi mkononi. Mkia wake uwe mgumu kuusogeza na usogee kwa ulaini uleule pande zote, bila kukwama na bila kulegea. Raba yake iwe laini na imefungwa kwa pete inayobana. Uzi wa nati uwe safi hadi mwisho. Linganisha na ile ya zamani kwa unene na urefu kabla ya kulipa, na udai risiti, kwa sababu bila risiti huna pa kulalamika, iwe kwa muuzaji au kwa Tume ya Ushindani inayoshughulika na bidhaa bandia. Spea za mtumba kutoka Japani zinafaa kwa vyuma vizito kama amu, au stelingi boksi iliyopimwa. Kwa bolijointi na vichwa vya tairodi ni kununua uzee wa mtu mwingine, kwa kuwa raba na grisi ya ndani huisha hata gari likiwa limeegeshwa.

Kazi yote hii itapotea kama mzigo hautaheshimiwa. Kuongeza vipande vya springi nyuma ili gari libebe zaidi hakuongezi uwezo wa breki wala wa usukani. Mzigo ukipita ekseli ya nyuma, nyuma inakaa chini, pua inainuka, magurudumu ya mbele yanapungukiwa uzito, na usukani unakuwa mwepesi pale unapouhitaji kuwa mzito. Kukaza tosheni ili mbele isimame juu ni kosa linalofanana nalo, kwani amu hubaki zimeinama chini, bolijointi zinafanya kazi kwenye ukingo wa pembe zake, na kila shimo linagonga chuma kwa chuma. Weka mizigo mizito karibu na kebini, na ukubali safari mbili. Kisha jiwekee majira: kagua mbele ya gari mvua zinapokatika, kabla ya mavuno kuanza kushuka, na kagua tena kabla mvua hazijarudi. Kila baada ya njia yenye maji na matope, viungo vyenye nipo vipigwe grisi mpaka ile chafu itoke.

Juu ya mzigo wa pikapu karibu kila siku kuna watu: mama anayepeleka gunia la maharage sokoni, kijana wa kupakua, mwanafunzi aliyeomba lifti. Hao hawakushika usukani wala hawajui kama kotapini ni mpya au ni msumari. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mwenye gari anayejua kwamba mbele imelegea huku akipakia watu anawachumia janga wasilolijua. Basi Jumapili hii, kabla ya kupakia, mwite mtu mmoja akae kwenye usukani, wewe ulale chini ya gari na uweke kiganja juu ya kila kiungo. Kile kitakachodunda, usikipandishe lami.